Ovaroli ya Ijumaa

Daktari aliinua picha dirishani
na jua la Nairobi likapita kati ya mbavu za baba.
"Hapa," alisema. Ncha ya kalamu iligusa alama
ndogo kama punje ya njugu mawe.
"Na hapa. Mzee, ulikuwa ukifanya kazi wapi?"

Baba hakutaja kiwanda. Alitaja namba:
"Mia nne kumi na saba."
Ndivyo alivyoitwa miaka ishirini na mitatu
nyuma ya lango la kijani, Barabara ya Lunga Lunga.

Kazi yake, kuvalisha mabomba.
Bomba la mvuke, alituambia, ni kama mtoto mchanga,
usipolifunika linapoteza joto.
Kitambaa chake walikiita sufi.
Sufi ya mawe. Msumeno ukiipasua ilipaa,
haina harufu, haiwashi koo,
ikatua kwenye kope, kwenye chai,
juu ya chapati ya saa nne.
Wakachekana: Leo umezeeka, Mulandi!
Na kweli, kila jioni alirudi Makadara na mvi
ambazo mama aliziosha zikatoka.

Kazi mbaya, alipenda kusema, si mchezo mwema.
Sufi ile ilinunua redio, godoro,
viatu vya Mutheu vya kidato cha kwanza.
Nimejaribu kuitukana. Ulimi unakataa.

Wakili ana ofisi orofa ya tatu, River Road,
na feni inayozunguka bila upepo.
"Kiwanda kimebadili jina mara tatu," alisema.
"Lango sasa ni la buluu, wanajaza maji kwenye chupa.
Faili la mia nne kumi na saba halipo.
Mna ushahidi gani?"

Mama alivuta sanduku la bati chini ya kitanda.
Stakabadhi za mshahara, panya walishazisoma zote.
Ilibaki ovaroli moja ndani ya mfuko wa nailoni,
namba kifuani kwa uzi mwekundu,
haijafuliwa tangu zamu ya mwisho.
Tuliiweka mezani. Wakili aliona weupe
katika mishono ya mifuko, akasukuma kiti nyuma
hadi ukutani.
"Fungeni! Tafadhali, mama, fungeni!"

Tulikuwa na shahidi mmoja,
naye ndiye mshtakiwa.

Siku hizi baba halali. Anakaa ukingoni mwa kitanda,
mito mitatu mgongoni, sufi ya mti hii,
na anavuta hewa kama mtu anayevuta kamba kisimani
akijua ndoo imekatika.
Walimpa barua: *Nenda ukapumzike.*
Alicheka juzi alipoikumbuka, akakohoa, akacheka tena.
"Wangeniachia hiyo pumzi kwanza," alisema,
"ya kupumzikia."

Leo tumerudi kwa picha nyingine.
Njugu zimeota. Daktari anaandika, hainui kichwa.
Kisha anainua, ananitazama mimi,
kwa sababu nimekohoa.
Ni baridi ya Julai, nadhani. Ni moshi wa mtaa.
"Na wewe, uliwahi kufanya kazi kule?"

Hapana, nataka kumjibu.
Nilikuwa na miaka tisa.
Ijumaa ovaroli ilikuja nyumbani kufuliwa
na mama hakutaka vumbi kwenye beseni lake,
basi nilitumwa nayo ngazi za nyuma,
niishike mabegani kama mtu anayesinzia
na niing'ute, niing'ute
hadi mikono ife ganzi.

Jua la saa kumi na moja lilipita katikati ya vile vinyota.
Sikuwa nimeona kitu kizuri hivyo.
Katika kitabu chetu cha darasa la tatu
palikuwa na watoto wa nchi ya theluji
wamesimama uani, vichwa nyuma, ndimi nje.

Nami nilisimama vivyo hivyo.
Nikaachama.
Haikuwa na ladha yoyote.